Kazi ya Wiki ya Matanga

Kompyuta ya mradi wa mabwawa ililetwa Kathonzweni mwaka 1993, muda mfupi baada ya Makueni kutengwa na Machakos na kuwa wilaya, nayo ilipokewa kama zilivyopokewa ahadi nyingine za wilaya mpya: kwa adabu na bila imani. Iliwekwa katika chumba chenye kufuli mbili. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba, na mbuzi wa majirani, ambao hawakuwahi kuhofia radi, walihama upande ule wa uwanja.

Meneja wa mradi, Bwana Mbugua, aliyetumwa na wafadhili kutoka Nairobi, aliwakusanya wenyeviti wa mwethya. Mwethya ni kikundi cha kazi ya ujima. Kwa njia hiyo wakulima wa huko hulimiana, hujengeana na huzikana. Aliwaeleza kwamba ndani ya mashine mna programu ya kufuatilia kazi. Kila kijiji kilikuwa na mstari wake, na mstari uligawanywa katika hatua: kupima, kuchimba msingi, kukusanya mawe, kujenga ukuta. Kila hatua ilikuwa na siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Kila Ijumaa mashine ingechora mistari upya, ili Nairobi waone nani anakwenda na wakati na nani amechelewa.

"Kwa hiyo itakuwa inatuangalia," alisema mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango. Huyo alikuwa Muthama, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa amemsindikiza mkewe Syokau, mwenyekiti wa mwethya wa Ilaani, akaketi bila kualikwa.

"Haiwaangalii, mzee. Inawasaidia mmalize kwa wakati."

"Nilikaa kortini miaka mingi, Bwana Mbugua. Sikumbuki mtu aliyekuja kuangalia ambaye hakusema amekuja kusaidia."

Wenyeviti walicheka. Mbugua hakucheka, na Muthama pia hakucheka.

Siku ile Syokau alikuwa na jambo moja tu akilini. Kijito cha Ilaani hukauka sehemu kubwa ya mwaka, lakini chini ya mchanga wake kuna mwamba. Ukuta ukijengwa juu ya mwamba huo, mafuriko yatarundika mchanga nyuma yake, mchanga utahifadhi maji, na wanawake watachimbua maji karibu na nyumba zao badala ya kuteremka hadi mto Athi. Sharti lilikuwa moja. Ili kuufikia mwamba ni lazima mtaro uchimbwe katika mchanga, na mtaro huo ukikutwa wazi na mvua ya Novemba, mafuriko huujaza tena kwa alasiri moja. Syokau aliwajua watu wake. Wangechimba mara moja kwa moyo. Hawangechimba mara ya pili. Tena alikuwa amesimama kanisani na kutamka kwamba mvua ya Novemba itaukuta ukuta umesimama, na watu wa Ilaani wana kumbukumbu nzuri sana ya ahadi za wengine.

Saruji iliyobaki kabla ya mvua ilikuwa ya lori moja tu. Amri ya Nairobi ilikuwa kwamba lori lifuate karatasi: kijiji ambacho mstari wake ungetangulia kufika mwisho wa msingi ndicho ambacho kingepewa. Vijiji vilivyokaribiana katika mbio hizo vilikuwa viwili, Ilaani na Kavumbu, kijiji cha ng'ambo ya kilima.

Karatasi yenyewe ilibandikwa kwenye ukuta wa baraza ya ofisi, ambako watu wa soko waliiona. Mashine ilichapa kwa wino mweusi pekee. Rangi zilitiwa kwa mkono na Kagure, binti wa Murang'a aliyeajiriwa kuendesha kompyuta, kwa kalamu mbili za wino mzito: kijani kwa waliokwenda na wakati, nyekundu kwa waliochelewa. Tangu karatasi ya kwanza mistari yote ilikuwa ya kijani, jambo ambalo lilimfurahisha Mbugua na kumkosesha Muthama usingizi.

"Mama Mutindi," alimwambia mkewe, "umewahi kuona vijiji kumi vikikubaliana na tarehe?"

"Wewe hupendi kitu kikiwa kizuri."

"Nakipenda. Nangojea tu kijitetee."

Mwezi wa Septemba alifariki bibi kizee Kalunde, mama yake Kiilu. Kiilu ndiye aliyekuwa mwenye shamba la pande zote mbili za kijito pale mtaro ulipochimbwa, na mwenye kilima kidogo ambako mawe ya ukuta yalivunjwa. Ardhi hiyo aliitoa kwa neno la mdomo tu, bila maandishi, kama watu wa mwethya wanavyopeana. Hakuwa mtu mwepesi wa hasira, ila akishaingia ndani yake alikuwa mzito wa kutoka.

Ilaani ni watu wa kanisa. Wameyaacha mengi ya wazee wao, na hupenda kuyataja waliyoyaacha. Hili moja hawakuliacha: maiti akiwa hajazikwa, jembe haliguswi ila kwa kuchimba kaburi. Mchungaji mwenyewe, ambaye mahubiri yake dhidi ya mila yalikuwa marefu, hakugusa palizi ya viazi vyake wiki ile. Maiti alikaa mochari tangu Jumatatu, akazikwa Jumamosi. Mtaro ulibaki kama ulivyoachwa, na sururu zilibaki zimeegemezwa nyuma ya nyumba ya Syokau. Naye Syokau hakupeleka ripoti Kathonzweni. Aliona kwamba kupeleka taarifa ya kazi wakati mfiwa ameketi chini ni kumwambia kuwa msiba wake umeingilia tarehe za watu.

Siku ya soko iliyofuata, Kiilu alikwenda Kathonzweni kurudisha turubai ambalo ofisi iliwaazima kwa mazishi. Alimkuta Kagure barazani akipaka rangi.

"Hii ndiyo yenu, mzee," alisema Kagure kwa uchangamfu. "Ilaani. Mko mbele kabisa. Hongereni."

"Mbele tangu lini?"

Kagure alifuata mstari kwa kidole. "Wiki jana ndiyo mlisonga sana. Ona hapa, Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Msingi umeisha."

"Jumamosi?"

"Eeh. Jumamosi pia."

Kiilu aliweka turubai chini, akashukuru kwa sauti ya kawaida, akaondoka. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mtaroni, akasimama ukingoni, akatazama chini. Mtaro unaochimbwa na watu wengi hauna mtu mmoja anayejua kina chake. Kila mtu anajua kipande alichosimama. Kiilu alikuwa hajauona kwa siku kadhaa, na siku zenyewe zilikuwa za aina ambayo mtu huzitoka akiwa hana hakika hata ya ukubwa wa uwanja wake. Aliutazama mpaka akauona umezidi kina.

Asubuhi watu wa mwethya walipofika na majembe yao walikuta matawi ya miiba yamelazwa kwenye njia ya kuteremkia kijitoni. Kiilu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Rudini na hayo majembe. Yameshafanya kazi ya kutosha."

"Kiilu, ni nini?" aliuliza Syokau. "Tumekukosea wapi?"

"Nani alichimba hapa mama yangu akiwa mochari?"

Kimya kilichofuata kilikuwa cha mshangao, lakini kimya hakina alama ya kukitambulisha, na Kiilu alikisoma alivyotaka.

"Hakuna aliyechimba," alisema Syokau. "Tulikuwa kwako wote. Nani alikupikia?"

"Mikono ya kupika ni ileile ya kuchimba. Karatasi iko Kathonzweni, kila mtu anaiona. Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Karatasi imekosea."

"Imekosea!" Kiilu aliwageukia wengine. "Mtu hudanganya akiwa na sababu. Syokau ana sababu: aliahidi ukuta kanisani. Sasa niambieni, ile mashine ina sababu gani? Imetoka Nairobi kuja kunidanganya mimi? Inanijua?"

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mambo kuharibika kabisa. Kila mtu alijua kwamba yeye binafsi hakuchimba. Hakuna aliyeweza kusema hivyo juu ya wengine. Kabla ya wiki kwisha, mwanamke mmoja alikumbuka kwamba alfajiri ya Jumatano alisikia mlio wa sururu upande wa kijitoni, mlio ambao hakuutaja siku ile kwa sababu ya heshima. Mwanamume aitwaye Musembi alikumbuka kuona udongo mbichi kwenye jembe la jirani yake Ndeti. Ndeti alitaka kuelezwa Musembi alikuwa akikagua majembe ya watu kwa nini wakati wa msiba, kama hakuwa akitafuta la kuazima. Shutuma zilizunguka mpaka zikaingia kwa Syokau, na hata yeye alianza kuwatazama wanawake wa kikundi chake mikononi.

"Nawe?" Muthama alimwuliza jioni moja, wakila. "Ulichimba?"

Syokau aliacha kula. "Baba Mutindi! Umelala nyumba moja na mimi wiki nzima!"

"Nililala. Mtu aliyelala si shahidi."

"Ungekuwa hakimu ungejifunga mwenyewe."

"Ningeomba kwanza kumwona aliyeleta mashtaka," alisema Muthama, akavuta sahani karibu. "Kesho twende tukamwone."

Walikwenda. Mbugua aliwakaribisha katika chumba cha kufuli mbili, ambako walimkuta Kagure mbele ya kioo cha mashine. Muthama hakuketi.

"Binti yangu, nani alikwambia Ilaani walichimba wiki ile?"

"Hakuna mtu, mzee."

"Hakuna mtu. Basi ulijuaje?"

Kagure alimtazama meneja, kisha akatazama kioo. "Programu ndiyo iko hivyo. Kazi ina tarehe yake. Ukileta ripoti kwamba mmechelewa, nairudisha nyuma. Usipoleta, Ijumaa nabonyeza hapa, nayo inachukua kwamba kazi ya wiki nzima, mpaka Jumamosi, ilifanyika vile ilipangwa."

"Yaani tukinyamaza..." alianza Syokau.

"Mmefanya."

Muthama alizunguka meza, akainama kutazama kitufe kama mtu anayetambulishwa kwa shahidi. "Hiki nani alikwambia ukibonyeze?"

"Mzee, tusifanye hii kuwa kesi," aliingilia Mbugua. "Nairobi hawataki nafasi tupu. Ukipeleka nafasi tupu wanauliza maswali. Watu wenyewe hawaleti ripoti, nifanye nini?"

"Kavumbu huleta?"

Kagure alipekua faili iliyokuwa karibu naye, ingawa ilionekana wazi kwamba jibu alikuwa nalo. "Tangu mwezi wa saba, hapana."

Muthama alichungulia dirishani. Pale barazani mstari wa Kavumbu ulikuwa wa kijani, ulionyooka, usio na kovu hata moja. Ulikuwa mzuri kuliko yote.

Mbugua alifunga mlango. Alipozungumza tena aliteremsha sauti, na alizungumza na Syokau peke yake. "Mama, nisikilize. Lori linafika Alhamisi. Kwa karatasi hii iliyoko ukutani, ni lenu. Mtaro wenu umebaki kidogo, si ndiyo? Wiki moja mnamaliza, na hakuna atakayejua tofauti. Lakini nikirudisha mstari wenu nyuma unakuwa mwekundu, na lori linakwenda Kavumbu. Mimi simlazimishi mtu. Nendeni kwa huyo mzee mwenye shamba mkamwambie ni makosa ya mashine. Nitawapa barua ya ofisi."

"Barua ya ofisi iliyoandika yale ya kwanza?" aliuliza Muthama.

Hata hivyo Syokau aliichukua. Alimpelekea Kiilu, akamweleza habari ya kitufe tangu mwanzo hadi mwisho, akarudia pale alipoona hakueleweka. Kiilu alisikiliza kwa uangalifu. Aliikunja barua, akamrudishia.

"Mashine inayofanya watu wachimbe kwa kunyamaza," alisema. "Syokau, ungenitafutia uongo mfupi kidogo."

"Utaamini nini basi? Nikuapie? Kanisa limekataza kiapo, wewe ni mzee wa kanisa, unajua."

"Sitaki kiapo. Ile karatasi niliiona ni ya kijani. Niione nyekundu. Palepale ukutani, siku ya soko, watu wakiona. Mtu hakubali kuvuliwa nguo sokoni kama alichosema si kweli."

Syokau alirudi nyumbani kwa njia ndefu, akipitia juu ya mtaro. Akiiacha karatasi, angekuwa na saruji bila mahali pa kuimwaga, maana Kiilu hangeondoa miiba. Akiibadilisha, angekuwa na mahali bila saruji, na mvua ilikuwa karibu. Katika njia zote mbili ahadi yake ya kanisani ilikuwa imekufa. Tofauti ilikuwa moja tu: kwa njia ya kwanza angekufa nayo akiwa mtu aliyechimba mchanga huku mama wa jirani akingojea kaburi.

Asubuhi alimkuta Kagure akifungua ofisi. "Andika kwamba hatukufanya."

"Mama, unajua lori..." alianza Mbugua, aliyekuwa akifika nyuma yao.

"Najua, Bwana Mbugua. Andikeni."

Kagure alivuta droo, akatoa kalamu nyekundu. Ilikuwa bado na utepe wa dukani. Tangu mradi uanze haikuwahi kufunguliwa.

Siku ya soko Kiilu alikuja akiwa amevaa koti lake la mazishi. Alisimama mbele ya karatasi muda mrefu, watu wakijaa nyuma yake wakiwa na vikapu na kuku. Alimwomba Kagure aisome kwa sauti.

"Ilaani," alisoma Kagure. "Wiki ya mazishi. Hakuna kazi iliyofanyika. Wamechelewa."

"Rudia."

Kagure alirudia. Baadhi ya watu wa Kavumbu, waliokuwa pale wakiuza mbaazi, walicheka na kuwauliza Ilaani kama walikuwa wamelala. Kiilu alivua kofia, akaivaa tena, akaenda zake. Jioni ile miiba haikuwapo njiani, na yeye mwenyewe alikuwa mtaroni na sururu. Alhamisi lori lilipita barabara kuu likiwa limejaa saruji, halikupunguza mwendo kwenye kona ya Ilaani, likapanda kilima kuelekea Kavumbu.

Mtaro ulikwisha. Mwamba ulifagiliwa kwa fagio kama sakafu ya kanisa, mawe yakapangwa kando, na watu wakakaa juu ya mawe hayo wakitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya vilima vya Mbooni. Hakuna aliyemlaumu Syokau, na ukimya huo ulimchosha kuliko lawama.

"Twende Kavumbu," alimwambia mumewe.

"Kufanya nini? Kutazama ukuta wa watu?"

"Wewe ndiye uliyeuliza kama wanaleta ripoti. Sasa unaogopa jibu?"

Mwenyekiti wa Kavumbu alikuwa mtu mnene na mpole aitwaye Ndululu. Aliwaona kwa mbali, na walipofika alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwa namna ya kuuziba. Nyuma yake, ndani ya sebule, magunia ya saruji yalikuwa yamepangwa hadi karibu na mabati, na watoto walikuwa wamelala juu yake.

"Mmetumwa na ofisi?" aliuliza.

"Tumetumwa na mawingu," alisema Syokau. "Mtaro wenu uko wapi?"

Ndululu aliwatazama, akapima, kisha akachoka kupima. Aliwapeleka. Ulikuwa shimo lenye kina cha goti, na ndani yake mbuzi wawili walikuwa wamejilaza kivulini.

"Mwezi wa saba watu walienda kuvuna mbaazi," alisema Ndululu. "Tukasema tutarudi. Nilitaka nije niseme ofisini, nikaona aibu. Halafu nikasikia tumesifiwa, ati tuko kijani. Mzee Muthama, wewe ni mtu wa korti: mtu akikusifu kwa kazi hukufanya, si anakuandalia kitu? Nikasema huo ni mtego. Nikanyamaza zaidi. Halafu wakaleta saruji! Sasa naogopa kuigusa na naogopa kuirudisha."

"Saruji haitakungojea uache kuogopa," alisema Syokau. "Mvua ikianza, unyevu utaingia humo ndani. Itakuwa mawe yenye umbo la magunia, na wanao watalala juu ya mawe. Ndululu, wewe ni mtu wa mwethya na mimi ni mtu wa mwethya. Nyinyi mna saruji, sisi tuna mwamba uliofagiliwa. Leteni kwetu, tujenge pamoja. Mvua ikipita, Ilaani nzima itakuja hapa kuchimba hadi mwambani, na saruji ya mstari wetu ikitoka, itakuwa yenu."

"Na msipokuja?"

"Tulimiane miaka yote hii tusije?"

Ndululu alimtazama Muthama. "Wewe unasemaje? Watakuja?"

Ilikuwa ni nafasi ya mume kumtetea mkewe. Muthama aliifikiria kwa haki. "Siwezi kuwasemea watu wote wa Ilaani," alisema. "Lakini huyu ameomba mwenyewe mstari wake uwe mwekundu, sokoni, akijua lori linampita. Sijui unataka dhamana gani zaidi."

Syokau alimtazama kwa mshangao kiasi. Katika ndoa yao hilo lilikuwa karibu na sifa.

Magunia yalivushwa kilima kwa punda na kwa migongo. Fundi wa mradi, ambaye aliajiriwa kujenga na si kuuliza, alifuata saruji ilikokwenda. Watu wa vijiji viwili walishindilia mawe pamoja wakichunguzana: Kavumbu walihakikisha kwamba saruji yao haiibiwi, na Ilaani walihakikisha kwamba Kavumbu hawapunguzi saruji kwenye mchanganyiko makusudi. Huenda ndiyo sababu ukuta ule ulijengwa vizuri. Siku ambayo mafuriko ya kwanza yaliteremka, yakiwa mekundu na yenye magogo, watu walisimama ukingoni wakiwa wameshikana nguo. Maji yalipanda, yakasita juu ya ukuta, yakapita. Ukuta ulibaki. Nyuma yake, mchanga ulianza kukaa.

Ofisini hakuna kilichobadilika. Mstari wa Kavumbu ulifika mwisho ukiwa wa kijani, siku ileile uliyopangiwa. Wa Ilaani ulibaki mwekundu. Wenyeviti wawili hawakupeleka ripoti yoyote.

Januari ilikuja barua ya Nairobi: mkaguzi, Bi Wariara, angependa kuliona bwawa la Kavumbu, ambalo lilikuwa mfano wa kazi iliyomalizika kwa wakati. Mbugua alitangulia Kavumbu siku moja kabla yake, peke yake, akakutana na mbuzi. Ndululu alimpeleka ng'ambo ya kilima. Mbugua alisimama juu ya ukuta muda mrefu, akaupiga kwa kisigino, akarudi ofisini.

Kesho yake gari la mradi liliipita njia ya kuingilia Kavumbu bila kukata kona, likaenda mbele, likateremka Ilaani. Watu wa vijiji vyote viwili walikuwa wamekusanyika mtoni. Bi Wariara alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya kutembelea na macho ya mtu ambaye ameonyeshwa mambo mengi. Alitembea juu ya ukuta kutoka upande mmoja hadi wa pili. Alichimba mchanga kwa mkono wake mpaka maji yakajitokeza. Kisha aliinua kichwa.

"Nimeona kibao barabarani hapo juu kimeandikwa Ilaani," alisema. "Mwenye shamba hili ni nani?"

Watu walimpisha Kiilu.

"Mzee, hapa ni Kavumbu?"

Hakuna aliyemsogelea wala kumkonyeza. Mbugua alitazama viatu vyake. Ndululu alikuwa amefumba macho. Syokau alimtazama Kiilu usoni, kwa kuwa alijua uzito wa swali kuliko aliyeliuliza: ikiwa jibu ni hapana, saruji ya Kavumbu itakuwa imeibwa, saruji ya Ilaani haitatoka kamwe, na neno alilompa Ndululu litakuwa la mwongo. Na aliyeulizwa ndiye aliyewafungia mto kwa sababu ya wiki moja iliyoandikwa kazi ambayo haikufanyika.

Kiilu aliutazama ukuta. Alitazama upande wa nyumba yake, ambako kaburi la mama yake lilikuwa limeanza kuota nyasi za mvua. Alivua kofia. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikajifunga.

Bi Wariara alingoja kadiri ya adabu. Kisha aliinama, akaandika kwenye mstari wa Kavumbu, akafunga kalamu.

Gari lilipotokomea, watu waliachana taratibu bila kutazamana sana. Kiilu alibaki karibu na Syokau na Muthama, akizungusha kofia mikononi.

"Mimi sikusema neno," alisema.

"Tulisikia," alijibu Muthama.